Bogonko Aliyewauliza Mashetani Majina Yao

Bogonko wa Gekara alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja maishani mwake: habari ya mzimu ikisemwa mbele ya watu, ijibiwe mbele ya watu. Akisikia kwamba mahali fulani pana shetani, alimtafuta aliyeona, si aliyesimuliwa. Kisha alikwenda mwenyewe, mchana, akakaa pale mpaka aelewe. Na siku ya posho, kambi nzima ikiwa kwenye foleni ya unga na magunia mikononi, alisimama akasema alichokikuta. Kwa ajili hiyo alichukiwa. Watu husamehe mwizi wa kuku upesi kuliko yule anayewaondolea hofu waliyoizoea.

Alikuwa seremala, Mkisii aliyepanda kuja nchi ya majani chai wakati msitu ulikuwa bado unakatwa. Kiwandani alipigilia misumari masanduku ya kusafirishia chai. Alijifunza kusoma misheni, na kule alisikia kwamba uongo ni dhambi. Wengi walisikia neno hilo hilo, wakarudi nyumbani wakapika uji. Bogonko alilishika.

Kambi yenyewe ilikuwa na Wajaluo, Wakisii na Wakipsigis wachache, na kila kabila lilikuja na wafu wake. Kazi ilikuwa ngumu, mvua ya mawe ilinyesha karibu kila alasiri, na mtu asiye na kitabu wala ngoma hutafuta la kuongea. Waliongea mashetani. Huko Kapsoit palikuwa na duka lililofungwa baada ya mwenyewe, Muhindi mmoja, kufa. Ikasemwa kwamba bado anapima sukari, mizani inasikika ikilia. Bogonko alikwenda Jumapili moja baada ya ibada, akakaa barazani mpaka upepo ukavuma. Mnyororo wa mizani ulikuwa umeachwa ukining'inia kwenye boriti ya baraza. Aliufunga kwa kamba, ukanyamaza. Siku ya posho akasema.

"Sasa wewe umepata faida gani?" Mellen, mama aliyeuza uji nje ya kiwanda, akamwuliza. "Tulikuwa na hadithi. Sasa tuko na kamba."

Watu wakacheka, na Bogonko hakucheka.

Mara nyingine alifika upande wa Longisa, kwenye kichaka ambako Wakipsigis wa zamani walilaza maiti zao. Watu wa kambi walisema wafu huitana mle. Alimkuta mzee akichunga mbuzi pale pale, akamwuliza kama haogopi.

"Niogope nini? Hapa kuna fisi tu," mzee alisema. "Mtoto akizaliwa kwetu, tunaita majina ya waliokufa, moja moja. Akipiga chafya kwa jina fulani, basi huyo amerudi. Wewe unamtafuta kwa kichaka, na yeye yuko nyumbani ananyonya."

Bogonko alilipeleka jibu hilo kwenye foleni kama alivyolipokea. Wajaluo walimzomea na Wakisii wenzake wakamwonea haya. Wakampa jina: Bwana Shetani. Alipopita, wanaume walikohoa na kusema, "Bwana Shetani, mke wangu anakataa kuamka asubuhi. Njoo umpime kama ni pepo." Hizo zilikuwa dhihaka tu. Chuki yenyewe ilianza mwaka wa 1933, kwa habari ya Magogo Mawili.

Magogo Mawili palikuwa pahali pa kuvukia kijito chini ya kambi. Mashina mawili ya miti yalilazwa pamoja, na upande wa pili palianza msitu. Wanawake walichota maji pale. Mwaka huo wakaanza kusema kwamba siku za Jumapili, mawingu yanaposhuka, mtu aliyevaa gunia husimama ng'ambo bila kusema neno, anatazama, na akiitwa anaingia msituni. Haikuchukua muda akapewa jina. Ni Opiyo, wakasema.

Opiyo alikuwa kibarua wa kung'oa visiki. Miaka sita nyuma homa iliingia kambini, watu wakafa haraka kuliko walivyoweza kuzikwa, na wenye shamba wakawafukia katika shimo moja. Opiyo akahesabiwa miongoni mwao. Nduguye mdogo, Phelix Okeyo, aliomba maiti apeleke kwao ziwani, akaambiwa shimo halifunguliwi. Basi akarudi nyumbani na jina tu, wakaomboleza, wakamaliza matanga. Kwa desturi yao, mdogo akamchukua mjane. Phelix sasa alikuwa nyapara wa kambi, mwenye koti na filimbi. Aliishi na Syprose, mke wa marehemu, pamoja na Aoko, binti mdogo ambaye Opiyo alimwacha akiwa hajajua kutembea.

Phelix hakutaka mtu achunguze kitu. Alitoa amri: maji yachotwe kwenye chemchemi ya juu, mbali kama nini, na yeyote atakayekiona kile kitu asikiulize neno, akipige mawe. "Jachien haulizwi," alisema, akitumia neno la kwao la mzimu mbaya. "Ukimwuliza, anakujibu. Akikujibu, umekwisha."

Mellen ndiye aliyerusha jiwe la kwanza. Alijisifu kwa siku nyingi.

"Uliona wewe, ama uliambiwa?" Bogonko alimwuliza.

"Niliona! Nilimpiga hapa." Akagusa paji la uso wake.

"Akafanya nini?"

"Akasema 'uwi', akakimbia."

"Umesikia shetani akisema 'uwi'?"

"Kwani shetani haumwi?" Mellen akamgeukia mwenzake. "Huyu Mkisii ataniuliza kesho kama shetani anavaa suruali."

Bogonko alishuka Magogo Mawili alasiri ile ile, nayo ilikuwa Jumapili. Mvua ilikuwa imepita, lakini chini ya gogo, mahali pasipopata maji, alikuta damu imekauka. Kwenye tope la ng'ambo palikuwa na nyayo za mtu peku. Alikuta pia jambo jingine, akalipita bila kulifikiri. Aoko alikuwa pale na debe lake, anachota maji peke yake. Bogonko alimkemea arudi kambini. Alidhani ni mtoto wa kambo asiye na mtu wa kumkataza. Huo ndio ulikuwa upofu wake, na sitamfunikia: alichunguza tope na damu, mtoto aliyesimama mbele yake hakumchunguza.

Jumapili iliyofuata alikaa kwenye gogo tangu ibada ilipokwisha. Mawingu yakashuka. Mtu wa gunia akatokea ng'ambo, ana jeraha bichi kwenye paji, na alipomwona mwanamume badala ya mtoto akataka kugeuka.

"Simama," Bogonko alisema. "Sina jiwe. Jina lako nani?"

"Si umeambiwa? Mimi ni maiti."

"Maiti hana jeraha linalotoa usaha. Jina lako nani?"

Yule mtu alicheka bila furaha, akachuchumaa. Akasema yeye ni Opiyo. Mwaka wa homa hakuugua, alitoroka kazi, na siku zile kibarua mtoro alifungwa jela. Alimwachia mgonjwa waliyelala kibanda kimoja blanketi lake, na kipande chake, kile cheti ambacho kila kibarua alitakiwa kukivaa shingoni, alikiacha palepale, maana mtoro hatembei na kipande. Yule mgonjwa akafa, na waliokuja kuondoa maiti wakasoma jina la Opiyo. Yeye alikwisha kufika upande wa Longisa, akachunga ng'ombe wa Mkipsigis mmoja kwa chakula na mahali pa kulala. Alikusudia kurudi mambo yakitulia. Siku moja katika soko la Ndanai akakutana na mtu wa kwao, na yule mtu akapiga kelele akatupa kikapu chake akakimbia. Hapo ndipo Opiyo alipojua kwamba amezikwa.

Asiwepo msomaji wa kumfanya Opiyo malaika. Aliacha mke na mtoto mchanga kwa sababu kazi ilikuwa nzito, na wengine waliibeba kazi ile ile. Kosa la kwanza la kisa hiki ni lake.

"Wamekuzika vipi?" Bogonko aliuliza. "Shimo halikufunguliwa."

"Wamezika yago. Wewe Mkisii hujui. Ni lile tunda kubwa, refu kama mkono wa mtu, linaning'inia kwa mti. Mtu akikufa mbali na maiti haionekani, tunachukua yago, tunalilaza kaburini, tunalilia kama yeye. Mke wangu amenyolewa nywele juu ya hilo tunda."

Bogonko akasimama. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. "Basi ni rahisi. Nitawaambia kaburini kuna tunda tu."

"Wanajua ni tunda. Unafikiri hawajui? Waliliangua wenyewe."

"Wakijua uko hai watakufungulia mlango."

"Mlango gani? Mtu akizikwa, amezikwa. Nikiingia boma nimeleta kifo." Opiyo akapangusa jicho lililokuwa likitokwa na maji kwa ajili ya jeraha. "Sikiliza, ndugu. Acha mimi niwe shetani. Shetani anaona mtoto wake Jumapili. Mtoro aliyefungwa haoni mtu."

"Watakuua kwa mawe."

"Mellen ana mkono, wengine hawana shabaha. Niache."

"Siku nitakayoficha nilichokiona," Bogonko alisema, "nitakuwa kama wao." Akaondoka. Opiyo alimwita mara moja kwa nyuma, naye hakugeuka.

Siku ya posho foleni ilikuwa ndefu. Phelix alisimama karibu na mizani ya unga akiwa na filimbi yake. Bogonko alipanda juu ya sanduku alilolitengeneza kwa mikono yake.

"Shetani wa Magogo Mawili ni mtu," alisema. "Nimekaa naye. Ni Opiyo. Yuko hai, ana jeraha alilopigwa na Mellen, na mkimtaka mtamkuta pale Jumapili. Acheni mawe."

Kisha mtu mmoja akapiga mbinja, na dhihaka zikaanza.

"Ulimpa mkono ama ulimpa chai?"

"Bwana Shetani amepata rafiki!"

Phelix hakucheka. Alikuja mpaka karibu na sanduku. "Ndugu yangu tumemzika. Wazee walikuwa pale. Wewe ulikuwa wapi?"

"Mlizika tunda."

"Mnasikia? Mkisii anatufundisha kuzika! Kesho atakuja kutufundisha kuoa."

"Mimi sifundishi. Ndugu yako yuko hai na unaagiza apigwe mawe. Ulimwona mwenyewe, Phelix?"

Lilikuwa swali lake la siku zote. Wote walimtazama Phelix, na yeye akatazama unga. Naamini hapo kila mtu kwenye foleni ile alijua. Hakuna aliyesema. Bogonko akamwona Syprose amesimama na gunia lake, akamgeukia.

"Mama Aoko, wewe ni mke wake. Sema neno."

Syprose alikuwa mjamzito, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Aliweka gunia chini. "Mume wangu amezikwa," alisema. "Nilinyolewa. Nililia mpaka sauti ikaisha. Kama amefufuka, huyu nimebeba ni wa nani? Mniite nani kesho?"

"Umesikia?" Phelix akamwambia Bogonko. "Shuka hapo, unachelewesha unga."

Wakamvuta sanduku miguuni akaanguka. Mwanamke mmoja alimmwagia uji. Wakisii wenzake, watu aliosali nao, walisogea kando asije akawashika mkono. Nawaandika kama walivyokuwa. Walikuwa watu wa kanisa, na kati ya ndugu aliye hai na mzimu walichagua mzimu, kwa kuwa mzimu hauhitaji nafasi mezani.

Jumapili Bogonko alishuka Magogo Mawili akiwa na shati moja la ziada. Alikusudia kumvisha Opiyo na kumpandisha kambini mkono kwa mkono, maana aliamini kwamba watu wakimwona kwa macho ukaidi wao utakwisha. Aoko alikuwa ametangulia na debe lake. Opiyo alitokea ng'ambo, akaweka mguu kwenye gogo. Askari wawili wakainuka kwenye vichaka, na Phelix nyuma yao.

"Huyo," Phelix alisema. "Opiyo, kibarua wa visiki. Alitoroka kazi."

Bogonko alimshika koti. "Juzi ulisema amezikwa!"

"Kwa wazee wetu amezikwa. Kwa serikali yuko hai. Niachilie."

Walimfunga Opiyo kamba. Hakupigana. Alisema jina la binti yake, na mtoto, ambaye hakuwahi kuisikia sauti ile, aliogopa akakimbia, debe likabingirika mpaka majini. Opiyo alipopitishwa karibu na Bogonko alisimama kidogo. "Nilikuomba," alisema.

Kesho yake Syprose aliingia katika banda la useremala. Bogonko alikuwa na misumari mdomoni. Mama alisimama mlangoni asikae.

"Uliuliza Mellen," alisema. "Uliuliza wazee wa Kipsigis. Uliuliza maiti mwenyewe. Mimi hukuniuliza."

Bogonko alitema misumari mkononi. "Wewe hukusema umeona kitu."

"Na nani alikuwa anatuma mtoto mtoni kila Jumapili, kambi nzima imekatazwa?"

Bogonko aliweka misumari juu ya sanduku.

"Nilimjua siku ya kwanza, vile anasimama. Kwani mke hajui mume wake anavyosimama? Nilikuwa nimepata njia. Mtoto anaonekana kwa baba yake, na tumbo langu lina jina. Sikutaka kingine. Halafu wewe ukaja na sharti lako, ukanisimamisha mbele ya watu nichague." Alitazama masanduku yaliyopangwa mpaka darini. "Ulisema ukweli. Sawa. Sasa uule."

Aliondoka.

Najua wapo watakaosema kwamba Bogonko alipaswa kunyamaza. Sikubaliani nao. Mtu aliye hai hapigwi mawe ili majirani wapate la kuongea, na aliyejua hilo akanyamaza angekuwa ameshika jiwe. Lakini aliyejitwika kazi ya kuuliza hana ruhusa ya kuchagua wa kuulizwa. Alimwuliza kila aliyependa kusema. Mwanamke aliyenyamaza, ambaye habari yote ilikuwa yake, alimfikia mwisho, mbele ya foleni, kama shahidi wa kukokotwa. Hilo lilikuwa kosa, naye alilijua mpaka kufa kwake. Lawama ya damu, hata hivyo, siiweki kwake. Naiweka kwa Phelix Okeyo, na kwa kila mtu aliyekuwa kwenye foleni ile akajua.

Opiyo alihukumiwa kifungo, akapelekwa kuponda mawe ya barabara. Lile jeraha halikupona vizuri, na baridi ilimwingia kifuani. Alifariki kabla ya kumaliza kifungo. Habari ilipoletwa kambini ili jamaa waje kuchukua maiti, Phelix alijibu kwamba nduguye alikwisha zikwa miaka mingi iliyopita, na huyo hamjui. Bogonko alikwenda peke yake. Alitengeneza jeneza kwa mbao za masanduku ya chai, akamvika lile shati, akamzika akisaidiwa na wafungwa wawili walioazimwa kuchimba. Hakukuwa na mtu wa kulia.

Kambini hakuna aliyemfanyia Bogonko tena dhihaka. Alipokaribia, watu waliacha kuongea. Hadithi za mashetani ziliendelea kusimuliwa, ila si mbele yake, na ile ya Magogo Mawili ilizidi kunenepa, kwa kuwa sasa walikuwa na maiti wa kweli wa kuisimulia. Yeye hakwenda tena kuchunguza mahali popote. Alihamia soko la Ndanai akachonga milango na vitanda, akazeeka huko. Aoko alikua, akaolewa. Mama yake hakumweleza kitu, na kambi ilimfundisha kwamba kile alichokiona mtoni utotoni kilikuwa shetani.

Sharti la Bogonko lilimgharimu Opiyo maisha yake. Lilimgharimu Syprose njia pekee aliyokuwa nayo, na Aoko lilimgharimu baba. Bogonko mwenyewe lilimgharimu watu wote aliokuwa anawaambia ukweli.